Baiskeli ya Mlima Isiyoujua Mlima

Mke wa kaka yangu ni dobi wa hospitali, na jicho lake ni bora kuliko futi. Mwekee shuka mezani, atakuambia imepungua vidole viwili upande wa kushoto, na ukipima unakuta ni vidole viwili kweli, si kimoja na nusu. Kwa jicho hilo amewaaibisha wauza vitambaa wengi, mimi nikiwamo, kwa sababu nilianza maisha kwa kuuza vitambaa kabla sijahamia kwenye baiskeli zilizotumika. Mwaka alioolewa nilimuuzia pazia fupi. Mpaka leo nikimpandishia bei ya kitu chochote ananiuliza kwa upole kama lile pazia limeshakua.

Amefanya kazi katika chumba kimoja miaka kumi na tisa. Kiko chini ya usawa wa ardhi, maana aliyejenga ile hospitali aliona mvuke na kelele vikae huko huko shimoni pamoja na mapipa. Kuna mashine tatu za kufulia, moja ya kukamulia ambayo ikizidiwa inatembea yenyewe sakafuni kama mlevi, na meza ndefu ya pasi. Juu kabisa, karibu na dari, kuna dirisha moja lenye upana wa foronya. Ukisimama mwisho wa meza ya pasi, mahali alipopashika yeye tangu mwaka wa kwanza na hajamwachia mtu, unaona kipande cha mlima: misonobari, barabara nyekundu inayopinda mara tatu, na mnara wa redio kileleni.

Hayo ya dirisha sikuyajua kwake. Nilielezwa na kaka, ambaye ni mpaka rangi wa majengo na hana siri. Alisema mkewe hahitaji saa kazini. Jua likifika kona ya pili ni saa nne, likifika mnarani ni saa ya chakula. Siku za mvua mlima ukifunikwa na ukungu, anarudi nyumbani na maneno machache, na kaka huwa anajua asiombe kitu. Nikamuuliza kama shemeji amewahi kufika huko. Akacheka. Katika ukoo wetu watu hupanda mlima wakifukuzwa na jambo.

Baiskeli shemeji aliinunua miaka minne iliyopita, nauli zilipopanda mara mbili katika mwaka mmoja. Aliinunua mpya, katika duka kubwa la vitu vyote, ilikokuwa imesimama kati ya majokofu na viti vya plastiki. Hakuja kwangu. Alisema kwangu angelipa bei na juu yake angesikiliza hotuba. Ilikuwa ya bluu, nzito, gia ishirini na moja ambazo nyingi hazikuwa na tofauti na jirani zake, na mbele ina shokapu ambazo ndani yake ni springi mbili tu zilizotiwa grisi. Ubavuni iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya mlima.

Nilipoiona nilimwambia, "Shemeji, kiberiti nacho kina picha ya simba. Umewahi kukisikia kikinguruma?"

"Sijasikia," akasema, "lakini kinawaka."

Na kweli iliwaka. Miaka minne ilimpeleka kazini na kumrudisha, kwa mvua na kwa vumbi, na mimi nilichovuna kwake ni tyubu tatu na pedeli moja. Sina ugomvi na baiskeli ya namna hiyo. Inafanya ilicholipiwa. Shida huanza siku mwenyewe anapotaka ifanye kisicholipiwa.

Siku hiyo ililetwa na daktari wa meno. Huyu ni mama mmoja mrefu wa pale hospitalini, ambaye kila Jumapili huongoza kundi la waendesha baiskeli mpaka mlimani, na Jumatatu huleta makoti yake meupe kufuliwa akiwa na mikwaruzo kwenye mikono. Shemeji alimuuliza mikwaruzo inatoka wapi. Daktari akamwambia ni miiba ya kona ya tatu, chini ya mnara. Basi shemeji, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa mumewe, akasema, "Ile kona yenye mti uliolala?" Daktari akashangaa. Akamuuliza amewahi kupita lini. Shemeji akamwonyesha dirisha.

Daktari ni mtu muungwana. Alimkaribisha kundini siku hiyo hiyo, kisha akatoka naye uani kuitazama baiskeli. Aliinyanyua nyuma, akaiminya mbele, akazungusha gurudumu. Akasema kwa hii utafika getini kwa watu wa misitu bila taabu. Kutoka getini kwenda juu, baiskeli ndiyo itakayoamua. Akaongeza jambo lingine, ambalo ndilo lililovuruga usingizi wa watu: watu wa misitu wametoa tangazo. Msimu huu wa kiangazi ukiisha wanaanza kukata misonobari, na barabara ya juu itafungwa miaka mitatu. Zimebaki Jumapili nne.

Shemeji ana miaka hamsini na moja. Kusimama kwenye saruji yenye maji kumempa magoti yanayoongea. Hesabu ya miaka mitatu aliifanya mwenyewe, sikuhitaji kumsaidia.

Alikuja kwangu kesho yake baada ya zamu. Duka langu ni mbele ya nyumba yangu. Mlango wa nyuma unaingia sebuleni, mlango wa mbele unatoka barabarani, na katikati zinaning'inia fremu. Aliiegemeza baiskeli kwenye kaunta, akaniuliza swali moja: aiongezee vitu hii, au atafute nyingine.

Nilimjibu kama ningemjibu mtu wa njiani, maana ndugu ukimpa jibu la ndugu unamharibia fedha. Nikamwambia mwili wa baiskeli ni fremu, na fremu hii ni ya chuma kizito. Haina masikio ya kushikia breki za diski. Ekseli ya nyuma ni ya aina inayopinda mtu akiruka jiwe. Ukibadilisha shokapu, utataka magurudumu. Ukibadilisha magurudumu, utataka gia. Mwisho wa safari umelipa bei ya baiskeli nzuri, na bado umekalia ile ile. Cha kubadilisha ni kile tu kinachogusa ardhi na kinachogusa mwili: tairi, mipira ya breki, pedeli, kiti. Zaidi ya hapo uza, tafuta nyingine.

Hakupenda. Niliona. Alikuwa anatazama baiskeli yake kama mtu anayesikia mtoto wake akisemwa na mwalimu. Akashukuru, akaondoka. Nikajua hajashawishika, na kwamba ataenda kutafuta jibu tamu mahali pengine, nalo litapatikana, kwa sababu sokoni jibu tamu halikosi muuzaji.

Wiki iliyofuata akaja na kitu kirefu kimefungwa ndani ya shuka iliyochakaa. Akakilaza kwenye kaunta, akakifungua taratibu kona baada ya kona. Ulikuwa uma wa mbele wenye shokapu za hewa, ule uma unaoshika gurudumu, mweusi, mzuri, haujachubuka. Kitu cha maana. Aliupata soko la upande wa pili wa mji kwa muuzaji wa vitu mchanganyiko, na alilipa karibu mshahara wa mwezi.

"Ulipima?" nikamuuliza.

Akatabasamu. Akatoa mfukoni uzi wa kufungia mafurushi ya nguo za wodini, una fundo. Alikuwa amemwomba jirani afungue usukani wa baiskeli yake, akauzungusha uzi kwenye shingo ya uma wa zamani pale juu, akafunga fundo. Sokoni akauzungusha uzi ule ule kwenye shingo ya huu mpya pale juu. Fundo likakaa sawasawa. Halikuzidi hata unywele.

Nilimwita fundi wangu. Huyu ni mtu mzima wa maneno machache, na maneno yenyewe huyatoa kama anakatwa kodi. Akaushika uma, akauingiza kwenye bomba la mbele la fremu. Ukaingia vizuri, ukapanda, ukapanda, kisha ukagoma, umebakiza upana wa vidole vinne. Akautoa, akauchomeka tena, ukagoma pale pale. Akasema, "Umenenepa chini."

Ndivyo ulivyo uma wa kisasa. Shingo yake juu ni nyembamba kama ya zamani, lakini inavyoshuka inapanuka, na fremu ya shemeji ni ya bomba lililonyooka. Mtu wa mashuka hujua kwamba shuka ukiipima juu umeipima na chini, maana kitambaa hutoka kiwandani na upana mmoja. Hilo ndilo lililomponza. Isitoshe, uma ule ulikuwa hauna mahali pa kufungia breki za mpira. Hata ungeingia, angeshuka mlima kwa dua.

Alichukua ule uzi, akaupima tena juu, kisha chini. Fundo halikufika. Akasimama nao kwa muda, mikono yake ile iliyolainishwa na maji ya sabuni mpaka haina mistari, akiuvuta uzi kama ungerefuka.

"Mimi nimedanganywa na kipimo," akasema. "Mimi."

Sikumcheka. Tena nilikuwa na kazi nyingine kichwani: nilikuwa nimeupenda ule uma. Ulikuwa na thamani zaidi ya alicholipa, na yule muuzaji wa vitu mchanganyiko hakujua alichokuwa nacho. Nikaugeuzageuza, nikamwambia shemeji kwamba kwa kuwa ni yeye, nitampunguzia hasara, nitauchukua kwa bei ile ile aliyonunulia.

Akanitazama. "Umeukubali haraka mno, shemeji. Ongeza."

Fundi akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea. Nikaongeza.

Sasa, nyuma ya duka nilikuwa na baiskeli moja ya aluminiamu, ndogo ya kimo chake, breki za diski za mafuta, gia kumi na moja tu lakini kila moja na kazi yake. Ilikuwa ya mtu aliyehama mji. Nilimwambia ajaribu. Sikuwa namfanyia hisani. Nilitaka kuiuza, na yeye alikuwa na uma nilioutamani wa kubadilishana, na baiskeli ya bluu ambayo ningeweza kumpata wa kuichukua.

Akapanda hapo mlangoni, na koti lake la kazi, akakata kona ya duka la unga, akapotea. Nilidhani atazunguka mtaa arudi. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Nikaanza kufikiri kama ameanguka, nikafikiri pia kama kuna mtu amemnyang'anya, na nakiri nilifikiri la pili kabla ya la kwanza. Aliporudi alikuwa na jasho kwenye paji la uso na amefungua vifungo vya koti. Alikuwa ameipeleka mpaka kwenye ule mteremko wa ghala la nafaka, ambao malori huupanda yakilia, akaupanda. Mara tatu.

Hakushuka mara moja. Alikaa juu yake, mguu mmoja chini, akiminya breki na kuachia, akiminya na kuachia.

"Haibishani," akasema.

Hilo ndilo neno pekee alilosema juu ya baiskeli ile, na nimeuza baiskeli miaka kumi na minne, sijasikia sifa iliyoizidi hiyo. Kisha alifanya kitu ambacho wateja hawafanyi: aliitazama huku akirudi nyuma hatua mbili tatu, jinsi mtu anavyomtazama ndugu anayepanda basi.

Tukapatana bei. Uma, baiskeli ya bluu, na kiasi kilichobaki alipe kwa miezi minne. Nikamwambia aweke arubuni leo, nami naisogeza ndani. Akasema lazima aongee na kaka yangu kwanza, maana miezi minne ni ya nyumba nzima. Nikamweleza, kama ninavyomweleza kila mtu, kwamba kitu kisicho na arubuni ni cha anayetangulia.

"Nipe wiki moja," akasema.

Nikanyamaza. Sokoni, muuzaji akinyamaza amekataa. Nyumbani kwetu, shemeji akinyamaza amekubali. Na tulikuwa tumesimama pale katikati, nyuma yangu sebule, mbele yangu barabara.

Kaka hakuwa mkaidi, ila alipenda kwanza asikike. Alimwambia mkewe kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba waliopanda milima zamani walipanda kwa miguu. Mkewe akamuuliza mbona yeye ana brashi tisa za ukuta mmoja. Siku mbili hawakulizungumza. Siku ya tatu kaka alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na kile kiatu chake cha kazini mkononi, hakiweki chini wala hakivai, na alipomuuliza ana nini, akasema, "Zimebaki mbili." Kaka akadhani ni siku za mshahara. Alipoelewa ni Jumapili, alitoka nje akakaa kidogo. Alikuwa ameweka akiba ya ngazi mpya ya aluminiamu, maana ile ya mbao ilishamwangusha mara moja. Akairudia ile ya mbao, akaifunga waya pale ilipopasuka, na akiba akampa mkewe.

Yote haya niliyajua baadaye. Siku ya tano alikuja mpima ardhi, mgeni, akaiona ile baiskeli, akauliza bei, nikataja bei ya kuanzia mazungumzo, akatoa pochi. Hakuomba hata kupunguziwa. Mtu wa namna hiyo huwa anapita mara moja kwa mwaka. Nilimfungia na pampu juu.

Shemeji alikuja siku ya saba, mchana wa Jumamosi, amevaa nguo nzuri kidogo, noti zimekunjwa kwa usawa ndani ya leso. Aliangalia nyuma ya duka, akaangalia zile fremu zinazoning'inia.

"Iko wapi?"

Nikamwambia.

Alikaa kwenye kigoda cha fundi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga, kelele nazijua namna ya kuzijibu.

"Nilikuambia wiki moja."

"Ulisema wewe. Mimi sikusema kitu."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kama muuza baiskeli."

"Na mimi," akasema, akiifunga tena ile leso, "nilikuwa naongea na shemeji yangu."

Nimewahi kusemwa maneno makali kuliko hayo na watu niliowauzia vitu vibovu, na nikala chakula changu vizuri. Siku hiyo nilimwambia nitatafuta nyingine. Akaniuliza ndani ya siku ngapi. Nikasema ukweli: ya kimo chake, mwezi, labda miwili. Zilikuwa zimebaki Jumapili mbili, na kesho yake ilikuwa zamu yake kazini. Kwa hiyo ilibaki moja.

"Basi hii hii," akasema, akionyesha ile ya bluu aliyoiacha barabarani.

"Haitafika, shemeji."

"Sikukuuliza kama itafika. Nakuuliza utaifanya nini ifike mbali zaidi ya ilivyo."

Tuliifanya wiki nzima. Kwanza tuliivua: madigadi, keria, kengele, stendi, kila kilichokuwa na uzito na hakina kazi. Fundi alitoa yale meno makubwa ya mbele, akaacha gia ndogo peke yake, ili mlima uwe mrefu lakini usiwe mzito. Tukafunga tairi za meno makali, waya mpya, mipira ya breki minene. Nilimwambia kwamba mchongoma kuupanda si kazi, kushuka ndio ngoma, na kwamba breki za rimu zikipata joto zinalegea, asizishikilie moja kwa moja, aminye na kuachia. Akasema hiyo ndiyo kazi ya pasi, anaijua. Vitu vyote nilimpa kwa bei niliyonunulia, nikavikata kwenye fedha za ule uma. Hakunishukuru wala hakuniuliza habari za pazia, na hilo la pazia nililisikia zaidi.

Jumapili ya mwisho nami nilikwenda getini. Waendesha baiskeli hamsini na kitu siku moja, juu ya mawe makali, ni tyubu nyingi. Niliegesha pikapu yangu chini ya kivuli cha kibanda cha mlinzi, nikapanga tyubu, viraka na pampu mbili. Walipita asubuhi wakiwa kundi zima, nguo za rangi, daktari wa meno mbele. Shemeji alikuwa wa tatu kutoka mwisho, amevaa suruali ya kaka iliyofungwa na pini chini. Baiskeli zote zilipita kimya, ya kwake ilikuwa inalia kidogo kila pedeli ikizunguka. Hakunitazama. Alikuwa anatazama juu, na midomo yake inatembea kama mtu anayehesabu.

Kona ya kwanza inaonekana kutoka getini. Aliipanda, polepole mno, mtu wa miguu angemwacha, lakini aliipanda amekaa. Ya pili niliiona nusu. Pale kwenye mawe yaliyolegea nilimwona akishuka, akasukuma, akapanda tena, akashuka. Kisha miti ikamficha.

Kuanzia saa sita walianza kushuka, mmoja mmoja, wamejaa vumbi mpaka kope. Niliuza tyubu kumi na nne. Kila aliyesimama nilimuuliza, na kila mmoja alikuwa amempita mahali tofauti: mmoja alimwona kona ya tatu anasukuma, mmoja alimwona amekaa kwenye mti uliolala anakunywa maji, wa mwisho alimwona karibu kabisa na mnara, baiskeli begani kama mzigo wa kuni. Baada ya hapo hakushuka mtu kwa muda mrefu. Mlinzi alikuwa ameshatoa mnyororo na kufuli mpya, anavipitishapitisha mkononi.

Alishuka saa tisa na nusu, na daktari wa meno nyuma yake. Daktari alikuwa amemsubiri. Hakuwa ameanguka. Vidole vyake tu vilikuwa vimekakamaa kwa breki mpaka ikabidi nimfungue kimoja kimoja kwenye usukani, na gurudumu la nyuma lilikuwa linayumba, ekseli imepinda kama nilivyosema. Sikulitaja. Daktari akaniambia pembeni kwamba theluthi nzima ya mwisho alitembea, na kwamba alipofika juu wenzake walikuwa wameshafunga mifuko yao. Walimpisha, akakaa robo saa, hakupiga picha.

Nilimpa maji. Akaketi nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia. Nilipotaka kuipakia ile baiskeli akaniambia ngoja kwanza. Mlinzi alivuta mnyororo, akafunga kufuli, akalitikisa mara mbili kuhakikisha.

"Barabara haiishii mnarani," shemeji akasema.

"Inaendelea?"

"Inapita nyuma yake. Inashuka kidogo kwenye majani, halafu inapanda kilima kingine, halafu kingine. Mimi nilidhani mnara ndio mwisho. Miaka yote hii nilidhani ndio mwisho."

Akamuuliza mlinzi inatokea wapi. Mlinzi alifikiri, akasema inafuata mgongo wote wa milima mpaka kituo kingine cha misitu, upande ule, na kule hawakati miti. Kwa gari la kazi ni kutwa nzima. Kwa baiskeli hakujua. Labda siku mbili, mtu akiwa na baiskeli.

"Siku mbili," shemeji akasema.

Alikuwa amekaa kwa namna ya mtu aliyeambiwa bei na hajaondoka. Upepo wa jioni ulikuwa unashuka kutoka juu, una baridi na harufu ya utomvu, na yeye aliuinulia shingo na kifua, mikono imefunguka mapajani, mtu ambaye siku sita kwa wiki anavuta mvuke.

"Hii iuze," akaniambia bila kuigeukia ile baiskeli.

Nikamtajia nitakachoweza kumpa. Kwa ile ekseli, nilitaja chini sana, nikamwachia nafasi ya kupandisha, kama ilivyo desturi yetu. Nikangoja. Tulikuwa tumebishana bei na yule mwanamke miaka ishirini na nane, hajawahi kuniachia hata ya kitunguu.

"Sawa," akasema.

Nikaipandisha mwenyewe. Hakusikia. Alikuwa bado ameuelekezea uso mlima, pale barabara inapoingia mitini.